Je, muuguzi huajiriwa kwa sura yake? Jibu kwa msomaji wa Makorora

SWALI: Shikamoo mama. Nina umri wa miaka 25, ninaishi Makorora hapa Tanga, nina stashahada ya uuguzi na ukunga na leseni yangu ni hai. Nimefanya usaili mara tatu katika vituo binafsi vya afya na sikuitwa tena. Mara mbili kati ya hizo alichukuliwa mwenzangu niliyesoma naye, ambaye ni mweupe na mzuri wa sura kuliko mimi. Shangazi amenishauri nianze kutumia losheni ya kung'arisha ngozi kabla ya usaili mwingine. Pia yupo mtu anayesema ana nafasi za wauguzi, ila anataka nimtumie picha ya mwili mzima. Je, ni kweli sura inachangia mtu kuajiriwa katika kazi yetu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sitakuficha: sura huchangia. Mwaka 1994 wachumi Daniel Hamermesh na Jeff Biddle walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa Marekani na Kanada, wakaonesha kwamba waliohesabiwa kuwa na sura isiyopendeza walipata ujira pungufu kwa asilimia 5 hadi 10 kuliko wenye sura ya kawaida, na wanaume hawakusalimika. Nami ninajua, kwa kuwa nimeishi katika kazi hii ya uuguzi, kwamba wapo wamiliki wa vituo binafsi ambao humweka mapokezi yule wanayeona atavutia wateja. Ni dhuluma, na kama kigezo chao ni weupe wa ngozi, ni kosa pia, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa rangi, na katazo hilo linamlinda hata mtu ambaye bado anaomba kazi.

Hata hivyo, uzuri si sifa ya muuguzi, na zamani hata uliwahi kuhesabiwa kasoro. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Dorothea Dix, aliyekabidhiwa wauguzi wa kike wa jeshi mwaka 1861, aliwataka wanawake waliokwisha kutimiza miaka 30 na wasio na sura ya kuvutia, wavae nguo za kahawia au nyeusi bila mapambo. Msichana mzuri alirudishwa nyumbani kwa uzuri wake. Huo nao ulikuwa uonevu, na majeruhi hawakupona kwa sura wala kwa ukosefu wa sura.

Nimekaa katika majopo ya usaili kwa miaka mingi, na ninakuomba ukumbuke kwamba mwenzako alipokuwa ndani wewe hukuwemo chumbani. Humjui alivyojibu. Sisi humuuliza msailiwa atafanya nini kwanza kwa mama aliyejifungua muda mfupi uliopita, ambaye damu iliyomtoka imepita mililita 500. Yupo anayeanza kutueleza maana ya kuvuja damu, kama aliyeshika daftari la darasani, na yupo anayesema ataita msaada huku akiusugua mfuko wa uzazi, atampa mama oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, atakagua kama kondo la nyuma limetoka lote, kama kibofu kimejaa na kama kuna mchaniko. Huyu wa pili tukimaliza kumsikiliza hatukumbuki alikuwa mweusi au mweupe. Kama umeshindwa mara tatu, tafuta muuguzi mwandamizi akusaili kwa maswali ya namna hiyo, na umwombe asikuonee haya.

Yapo mambo ya mwili ambayo jopo huyatazama kwa haki kabisa, nayo ni usafi, sare iliyopigwa pasi, nywele zilizofungwa na mikono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unakataza kucha za kubandika kwa wanaohudumia wagonjwa na unataka kucha za asili zisifike nusu sentimita. Katika wadi ya watoto wachanga ya hospitali moja ya mji wa Oklahoma, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto 46 walipata bakteria aina ya pseudomonasi na 16 kati yao walifariki. Uchunguzi ulihusisha mlipuko huo na wauguzi wawili, mmoja mwenye kucha ndefu za asili na mwingine mwenye kucha ndefu za kubandika. Nilipata kumsaili binti aliyejipamba kwa gharama kubwa ili atupendeze, na kucha zake zilikuwa za namna hiyo. Tulipomwomba atuoneshe namna ya kunawa mikono, alinawa viganja tu, ncha za vidole asiziguse. Hakupata kazi, na ninaamini alirudi nyumbani akidhani tulimkataa kwa sura.

Sasa nije kwenye losheni ya shangazi yako, ambayo ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu. Mimi humpokea mwanamke aliyeharibika ngozi kwa mkorogo karibu kila juma, na inaniuma zaidi anapokuwa muuguzi, kwa kuwa sisi ndio tunaopaswa kuwaonya wengine. Muuzaji hukupa kopo lisilo na lebo na kukwambia kwamba ni mitishamba. Ndani ya makopo ya aina hiyo zimekuwa zikikutwa zebaki, haidrokwinoni, ambayo ni kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, na steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi kama klobetasoli, wakati mwingine zote pamoja. Zebaki hupenya kwenye ngozi ikaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulitaka vipodozi vyenye zebaki viondolewe sokoni, awali vile vyenye zaidi ya miligramu 1 kwa kilo. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha weusi wa kibuluu kwenye mashavu, ambao ni vigumu sana kuuondoa, na mwenye nao huongeza dawa ileile akidhani haijamkolea. Steroidi huikondesha ngozi hadi ikachubuka kwa kuguswa tu, huleta michirizi na chunusi, na huchelewesha vidonda kufunga. Wewe ni mkunga, kwa hiyo unaelewa maana yake kwa mama atakayepasuliwa ili ajifungue.

Fikiria pia mikono yako mwenyewe, ambayo itanawa na kupakwa spiriti mara nyingi katika zamu moja. Ngozi iliyokondeshwa itapasuka, na kila mpasuko ni mlango wa virusi vya homa ya ini na vijidudu vingine vya wadini. Shangazi yako anakupenda, sina shaka, lakini anakuelekeza kuharibu kiungo kinachokupa riziki. Anayekuuzia sindano badala ya losheni ni hatari zaidi, kwani anaingiza kitu asichokijua moja kwa moja kwenye mshipa wako.

Kuhusu mtu anayetaka picha ya mwili mzima, usimtumie. Picha ndogo ya pasipoti huombwa kwa ajili ya kukutambua. Picha ya mwili mzima haina kazi yoyote katika kuchagua muuguzi. Watu wa namna hii nawaona kila mara wanafunzi wanapohitimu, na mwenendo wao ni uleule: picha kwanza, kisha fedha ya fomu, kisha ombi la kuonana jioni mahali pasipo ofisi. Mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe ajira anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Nafasi za serikali haziuzwi. Hutangazwa wazi na maombi hupitia mifumo rasmi.

Kama losheni hiyo umekwisha kuianza, na umeitumia kwa wiki nyingi, usiiache ghafla peke yako, kwa sababu mwili uliozoea steroidi kali unaweza kudhoofika na ngozi ikawaka vibaya sana. Nenda kliniki ya ngozi katika hospitali ya mkoa, chukua na kopo lenyewe, hata kama halina lebo, na umweleze daktari umelipaka wapi na kwa muda gani.