Nchi zote zinachezeka sawa: nimekosea wapi?

SWALI: Natengeneza gemu la mkakati kuhusu vita vya Napoleon. Uingereza nimeipa nyongeza ya asilimia 20 baharini, Ufaransa asilimia 20 nchi kavu. Wanaolijaribu wanasema nchi zote zinachezeka sawa. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, umeandika matokeo ukaacha chanzo. Katika vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805, Waingereza walikuwa na manowari 27 dhidi ya 33 za Wafaransa na Wahispania, na hawakupoteza hata moja. Hawakuzaliwa na ubaharia. Manowari zao zilikuwa zikikesha nje ya bandari za adui kama Brest na Toulon, mwaka baada ya mwaka. Aliyekuwa nje alizoea tanga na mzinga kila siku. Aliyefungiwa ndani hakupata pa kujifunzia.

Basi ondoa ile nyongeza. Ipe kila meli kipimo cha uzoefu kinachopanda ikiwa baharini na kushuka ikikaa bandarini. Kisha weka uchakavu, nao uongezeke baharini. Hapo mchezaji wa Uingereza anapata jambo la kumnyima usingizi: akirudisha meli kukarabatiwa, adui anatoka kujifunza. Na mchezaji wa Ufaransa mwenye subira anaweza kweli kujenga wanamaji hodari. Kwa asilimia zako za sasa hilo haliwezekani, hata afanye nini.

Fedha nayo ina chanzo chake, na kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Mwaka 1797 Ufaransa ilifuta theluthi mbili ya deni lake la taifa. Uingereza iliendelea kulipa wadai wake, na mwaka 1799 waziri wake mkuu, William Pitt, akaanzisha kodi ya mapato. Ndiyo maana London iliweza kukopa sana na kuzipa Austria, Prussia na Urusi fedha za kupigana. Kwa hiyo usiandike tu kwamba Uingereza ni tajiri. Tunza kumbukumbu ya kila serikali, imelipa au imedhulumu, na riba ifuate kumbukumbu hiyo.

Nchi kavu ni rahisi zaidi. Sheria ya 1798 iliwaweka vijana wa Ufaransa wa miaka 20 hadi 25 chini ya wito wa jeshi, kwa hiyo askari wao wapatikane kwa wingi na kwa gharama ndogo, ila wategemee chakula cha mkoa wanaopita. Ujerumani kusini itawalisha. Lakini mwaka 1812, zaidi ya watu 400,000 wa jeshi la Napoleon walivuka mto Niemen kuingia Urusi, nchi yenye vijiji vilivyo mbali mbali, wakaanza kupukutika kabla theluji haijaanguka.

Ukimaliza, futa majina na bendera, mpe mtu nchi moja acheze zamu kumi, kisha muulize anahofia nini. Wa Uingereza akitaja riba na meli chakavu, na wa Ufaransa akataja chakula, endelea na nchi nyingine. Wakitaja hofu ileile, anza kurekebisha riba, kwani ni namba moja tu kwa kila serikali.