Maswali yenu: serikali na kumbukumbu za simu yako

Serikali ikisema haisikilizi mazungumzo, inachukua tu kumbukumbu za nani kampigia nani na saa ngapi, ubaya uko wapi?

Hapo kwenye "tu". Mtu aliyempigia wakili wa talaka mara tatu wiki hii, kisha dada yake usiku wa manane, hana haja ya kusikilizwa. Siri yake imeshajulikana. Ukiongeza minara ambayo simu yake ilinasa, unajua anakolala, anakosali na hospitali anayotibiwa. Nchini Marekani, katika kesi ya Carpenter, polisi walipata rekodi 12,898 za mahali alipokuwa mtu mmoja katika siku 127. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba taarifa za aina hiyo kwa kawaida zinahitaji kibali cha jaji. Kura 4 za kupinga bado zinanitia wasiwasi.

Na magaidi je?

Swali la haki kabisa. Kumbukumbu za simu hukamatisha wauaji, na sitaki polisi wanyimwe za mshukiwa. Ninachopinga ni kuzoa za kila mtu. Mwaka 2013 Edward Snowden, mfanyakazi wa mkataba katika shirika la ujasusi la Marekani, NSA, alifichua kwamba shirika hilo lilikuwa likifanya hivyo kwa mamilioni ya raia. Bodi ya serikali hiyo hiyo ilichunguza, na ripoti yake ya Januari 2014 haikupata hata tishio moja kwa nchi hiyo ambapo mpango ule ulibadilisha matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Hata kisa kimoja!

Mimi sina cha kuficha.

Huenda. Lakini anayempa mwandishi wa habari taarifa za wizi wa mali ya umma anacho, na wewe unamhitaji.

Mizani iwekwe wapi basi?

Mshukiwa atajwe. Jaji aidhinishe kabla data hazijaguswa, maana kibali cha baadaye ni kubariki yaliyokwishafanyika. Muda uwe na kikomo, na uchunguzi ukiisha mhusika aambiwe. Hili la mwisho serikali nyingi hulikwepa, nami nalishikilia kuliko yote: asiyejua kwamba alichunguzwa hawezi kwenda mahakamani.

Nikitumia programu yenye usimbaji fiche, yaani inayofunga ujumbe usisomwe na wengine njiani, niko salama?

Maneno yako, kwa kiasi kikubwa. Ila simu ikishika mtandao, mnara unajua uliko, na kampuni yako ya simu inaandika.