Sitaha ya faiba inabonyea chini ya reli ya mtiki: anzia kwenye matundu ya skrubu

Mkuu, umesema boti ni ya faiba, ya zamani, iko Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Sitaha inabonyea ukikanyaga pembeni, na reli ya mtiki iliyo juu yake imekuwa nyeusi na kuanza kuachia. Fundi amekushauri upige vanishi kwenye reli na kubandika mati mbili (mikeka ya nyuzi za faiba zisizofumwa) palipolegea. Tafadhali usifanye hivyo. Ugonjwa ni mmoja: maji yanapita kwenye matundu ya skrubu za reli, yanashuka mpaka kwenye plaiwudi iliyobanwa kati ya matabaka mawili ya faiba, na inaozea humo. Pwani chumvi huchelewesha kuvu kidogo. Huku sitaha inalowa maji ya ziwa na ya mvua tu. Ukifunika juu, unafungia unyevu ndani.

Ng'oa reli kwanza. Vile vizibo vya mbao vinavyoficha vichwa vya skrubu usivichokonoe kwa patasi, utamegua ukingo wa tundu. Toboa kizibo katikati kwa drili ndogo, kisha zungushia humo skrubu ya mbao. Ncha yake ikifika kwenye kichwa cha skrubu ya chini inakosa pa kwenda, na kizibo kinapanda chenyewe.

Sasa gonga sitaha kwa mpini wa bisibisi, kila sentimita 5. Palipo pazima panalia kavu, palipooza panatoa mlio butu. Zungushia penseli na uongeze sentimita 5 nje ya mstari. Toboa tundu moja upime unene, ndipo ukate kwa grenda tabaka la juu peke yake. Kipande hicho usikitupe: kikiwa kizima utakirudisha, na kazi ya faiba itabaki kwenye mshono tu.

Chimba plaiwudi yote iliyooza mpaka ukute mbao kavu na ngumu. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha na kuharibu. Kazi hii ni ya kiangazi, Juni hadi Agosti, chini ya turubai linalopitisha hewa, na wiki mbili za kukausha si nyingi. Bandika kipande cha nailoni juu ya mbao kwa utepe pande zote, ukilaze usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, bado.

Plaiwudi mpya iwe ya gundi isiyoyeyuka kwa maji, na kingo zake zinyweshe epoksi (gundi ya maji mawili yanayochanganywa ikaganda) mpaka zikatae. Ilaze kwenye epoksi iliyokorogwa nzito kama siagi ya karanga, rudisha kipande cha faiba juu yake kwa epoksi hiyohiyo, tandika nailoni, kandamiza kwa mifuko ya mchanga.

Mshono uteremshe kwa grenda: kila milimita 1 ya unene inataka milimita 12 za mteremko, hivyo tabaka la milimita 3 linataka karibu sentimita 4 kila upande. Kwenye kuunga faiba ya zamani nachagua epoksi kuliko poliesta (gundi ya kawaida ya boti za faiba), maana inashika zaidi. Lakini ukitumia epoksi, tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa. Ile mati ya kawaida ina gundi inayoyeyushwa na poliesta tu. Epoksi ikikauka, ioshe kwa maji na sponji kabla ya msasa, kuna utando kama nta unaozuia rangi kushika. Kama fedha zinalazimisha poliesta, hadina (kemikali ya kuigandisha) ni asilimia 1 hadi 2. Kwa joto la mchana wa Mwanza anza na gramu 10 kwa kilo 1, na ukoroge nusu kilo kwa mara. Vaa miwani, hadina inapofusha. Na kamwe usiikutanishe moja kwa moja na kobalti, kemikali ya kuharakisha kuganda: hulipuka.

Sasa yale matundu ya skrubu za reli. Kila tundu la milimita 5 lipanue hadi 10, lijaze epoksi nzito, ikikauka toboa upya katikati yake. Siku maji yakipenya yatakuta epoksi, hayataona mbao.

Reli isugue kwa brashi laini kukatiza mistari ya mbao. Steel wool (sufu ya chuma) usiiguse, vipande vya chuma vinabaki na kuacha madoa meusi. Madoa yaliyopo yatoe kwa asidi ya oksaliki kisha suuza sana. Ukihitaji kipande kipya, mtiki wa mashamba ya miti ya Longuza au Mtibwa unafaa mradi uchague kiini cha kahawia, si ile sehemu nyeupe ya nje. Mtiki una mafuta: ufute kwa asetoni na uunge hapohapo.

Reli irudishe kwa silanti (gundi laini ya kuziba maji) ya poliyurethani. Silikoni inaacha mafuta ambayo rangi haishiki tena. Skrubu ziwe stenilesi 316, chuma kinachohimili kutu; kaza mpaka silanti ichomoze pande zote, kisha simama, usiikamue yote. Vanishi ya kwanza ipunguze nusu kwa nusu, halafu mikono mitano au sita, msasa 220 katikati. Paka asubuhi, si jioni chini ya taa, wadudu wa ziwani watajaa humo.

Baada ya wiki, mwagia reli maji kwa mpira dakika 10, mtu akiwa chini na tochi. Akiona tone, fungua skrubu ya hapo tu na uanze nayo upya.