Nafasi za Malezi Zipimwe kwa Umri na kwa Saa

Wiki hii mmeuliza jimbo la Marekani litajuaje kama wazazi wake wanapata malezi ya watoto kwa gharama wanayoimudu. Ningeanza kwa kuacha kuitegemea mno orodha ya vituo vyenye leseni. Leseni hueleza idadi ya watoto ambayo kituo kinaruhusiwa kupokea, si idadi kinayoipokea. Kituo kilichoruhusiwa watoto 60 kinaweza kufunga chumba kizima kwa kukosa walezi, maana ujira wa kazi hiyo ni mdogo, na bado nafasi zote 60 zikaendelea kuhesabiwa kana kwamba zipo.

Kosa jingine ni kuwajumlisha watoto wa rika zote. Kanuni za majimbo mengi humruhusu mlezi mmoja kuangalia watoto wachanga wanne hivi, ilhali wa miaka minne anaweza kuwaangalia kumi, kwa hiyo chumba cha wachanga ndicho ghali kukiendesha na ndicho cha kwanza kufungwa. Wilaya inaweza kuonekana imejitosheleza huku mama anayerudi kazini baada ya uzazi hana pa kumwacha mwanawe.

Kuhusu gharama, serikali kuu iliweka kipimo mwaka 2016: familia inayopata ruzuku, yaani msaada wa serikali wa kulipia malezi, mchango wake katika ada usizidi asilimia 7 ya kipato chake. Familia yenye dola 4,000 kwa mwezi ingelipa 280, fedha ambazo karibu popote hazifikii ada ya mwezi ya mtoto mchanga kituoni. Ruzuku ndiyo inayotakiwa kuziba pengo hilo, lakini kwa kawaida viwango vyake hupangwa kwa kuangalia bei za soko, na penye wazazi maskini vituo hutoza kile kinachoweza kulipwa tu, hata kama hakitoshi kulipa walezi. Bei ndogo huzaa ruzuku ndogo, na kituo hubaki palepale. Majimbo yanaruhusiwa kukadiria gharama halisi ya malezi badala ya bei. Kwa maoni yangu hilo lingekuwa sharti.

Halafu kuna saa, jambo ambalo takwimu hulipita haraka. Muuguzi wa zamu ya usiku hasaidiwi na kituo kinachofungwa saa kumi na mbili jioni, hata kiwe jirani na kiwe bure. Jimbo liwaulize wazazi wenyewe saa wanazofanya kazi, kisha lihesabu nafasi zilizo wazi katika saa hizo.