Chin na: kung fu si ngumi na mateke tu

Ndugu uliyeuliza kama kung fu ina mbinu za kufunga viungo, yaani kukaza kiungo cha mwili wa mpinzani mpaka ashindwe kusogea: inazo, na huitwa chin na, yaani kukamata na kudhibiti. Si mtindo unaojitegemea; imo ndani ya mitindo ya kung fu kama Shaolin na taiji, na mtindo wa Kucha za Tai umeiweka mbele kabisa.

Chukua mfano wa kifundo cha mkono. Mtu amekukamata mkono wa kulia kwa mkono wake wa kulia. Bana kiganja chake kwa mkono wako wa kushoto kisichomoke, zungusha vidole vyako vya kulia juu ya kifundo chake kwa upande wa nje, kisha kandamiza chini kumwelekea yeye. Kiwiko chake kikiwa kimekunjwa, magoti humlegea yenyewe. Wengi hukosea pale mwanzo: hawabani, basi jamaa anauchomoa mkono.

Akiwa na nguvu kukuzidi na anapinga, tanguliza pigo la kumzubaisha, ndipo ufunge. Na mazoezini kaza polepole, tafadhali sana. Kano ikichanika huchukua miezi kupona. Mwenzako akigonga kwa mkono kuashiria amesalimu, achia papo hapo.