Kabla ya Kumwajiri Msanifu Majengo Mwenye Uzoefu

Ninyi mnaoanzisha kampuni ndogo za kusanifu na kujenga kwa mkataba mmoja hapa Kisumu, kuna jambo ambalo wasifu wa mwombaji hautawaonyesha. Msanifu aliyekomaa katika ofisi za kawaida amezoea kusimama kati ya mteja na mkandarasi, kwa kuwa yeye ndiye anayekagua kazi na kutoa cheti cha malipo. Kwenu, mkandarasi ndiye mwajiri wake. Anayetakiwa kukataa zege mbovu atalipwa mshahara na yuleyule aliyeimwaga.

Kwa hiyo muulizeni atafanya nini foromani akitaka kuweka nondo za milimita 10 mahali pa zile za milimita 12 kwa sababu bajeti imebana. Jibu la kwamba atazungumza naye halitoshi. Mwenye uzoefu wa kweli atataka kujua kwanza mhandisi wa miundo amesema nini, kisha atauliza kama ana mamlaka ya kusimamisha kazi. Mamlaka hayo yaandikwe katika mkataba wake wa ajira, nanyi mkubali kwamba iko siku yatawagharimu.

Usajili ni rahisi kuuhakikisha: Sura ya 525 ya Sheria za Kenya hairuhusu mtu kufanya kazi kwa jina la msanifu majengo bila kusajiliwa na bodi husika. Iulizeni bodi hiyo pia kanuni zake za maadili zinasemaje kuhusu msanifu aliye chini ya mkandarasi, hasa kama mnafikiria kumpa ukurugenzi.

Picha za majengo aliyoshiriki zisiwababaishe, kwani jengo kubwa huchorwa na watu wengi. Mimi huwapeleka waombaji kwenye kiwanja. Udongo mweusi wa Uwanda wa Kano huvimba ukilowa na kunywea wakati wa kiangazi, hata nyumba yenye msingi wa kina kifupi ikapasuka kuta. Kwenye miinuko ya Riat, tatizo ni mawe na mteremko. Anayefika hapo akaanza na paa na madirisha bado ni mtu wa mezani. Anayeuliza kama udongo umepimwa, maji ya mvua huelekea wapi na lori la mchanga litapitia wapi, huyo mwambieni mshahara mnaoumudu, bila kumwahidi hisa ambazo wakili hajaziandika. Mwambieni pia kwamba hakuna msaidizi wa kumchorea milango, na kwamba vibali vya kaunti atavifuatilia mwenyewe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu majaribio yasiyozidi miezi 6, yanayoweza kuongezwa kwa miezi mingine 6 mfanyakazi akikubali. Mpeni nyumba ndogo inayoweza kufika kwenye linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, ndani ya muda huo, kisha mlinganishe makadirio yake na stakabadhi za vifaa, kipengele kwa kipengele, kabla ya kumthibitisha.