"Mtu aliyefichuliwa kisiasa": tuandikeje kwenye fomu ya benki?

Swali: Ninaandaa fomu ya Kiswahili ya kufungulia akaunti. Rasimu niliyopewa inauliza: "Je, wewe ni mtu aliyefichuliwa kisiasa, ndugu au mshirika wake?" Anayejibu ndiyo anaandikwa "mteja hatari". Je, hiki ni Kiswahili sahihi?

Jibu: Sarufi haina kasoro. Kasoro iko kwenye maana, na ni kubwa kiasi cha kuiharibu kazi ya fomu yenyewe. Kufichua ni kutoa hadharani kilichositirika: njama hufichuliwa, wizi hufichuliwa. Mbunge akilisoma swali hilo ataelewa anaulizwa kama amewahi kuumbuliwa kwa kashfa. Atatia alama kwenye "hapana" bila kudanganya, na benki itamkosa mteja iliyetakiwa kumtambua tangu siku ya kwanza.

Maneno hayo ni tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza "politically exposed person", na kinachoulizwa hapa ni wadhifa. Pendekezo la 12 la FATF, chombo kinachoweka viwango vya kimataifa vya kudhibiti fedha haramu, linawahusu watu waliokabidhiwa madaraka makubwa ya umma: wakuu wa nchi na serikali, wanasiasa wa ngazi ya juu, majaji wa mahakama za juu, makamanda wa jeshi, wakuu wa mashirika ya umma, viongozi wakuu wa vyama. Maofisa wa kati na wa chini hawamo. Kuwemo si tuhuma. Mwenye mamlaka juu ya zabuni na bajeti yuko karibu zaidi na rushwa kuliko mwananchi wa kawaida, basi benki hutakiwa kujua fedha zake zinatoka wapi.

Kwa hiyo ningeandika "mtu mwenye wadhifa mkubwa wa umma", kisha nivitaje vyeo palepale. "Mwanasiasa" linawaacha nje majaji na majenerali. "Kiongozi" peke yake linamzoa hata mwenyekiti wa kitongoji. "Kiongozi wa umma" kwa Tanzania lina sheria yake, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, inayohusu vyeo vya nchini. Waziri wa nchi nyingine hayumo, ilhali benki inamhitaji. "Kigogo" tuwaachie magazeti.

Angalia pia wakati wa kitenzi. "Je, wewe ni" huuliza habari za leo. Waziri aliyeachia ngazi mwezi uliopita atajibu hapana, naye atakuwa amesema kweli. Ibara ya 52 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa 2003 inawataja walio madarakani na waliowahi kuwa madarakani, pamoja na familia zao na watu wao wa karibu. Kiswahili kina kitenzi kinachoibeba maana hiyo bila taabu: "Je, unashika, au umewahi kushika, wadhifa wowote kati ya hivi?"

Neno "ndugu" ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ni wa tumbo moja, ni binamu, ni mtu wa ukoo, ni mwanachama mwenzako. Mmoja atajibu ndiyo kwa sababu mbunge ni wa ukoo wao. Mwingine, mke wa mbunge, atajibu hapana kwa sababu mume si ndugu. Taja uhusiano wenyewe: mwenzi wa ndoa, mzazi, mtoto, kaka, dada, na wengine ambao kanuni za nchi yenu zinawataja. "Mshirika" nalo, likisimama peke yake katika habari za fedha haramu, lina harufu ya kushiriki uhalifu. Andika "mtu wake wa karibu", ufafanue: anayemiliki naye kampuni, au anayeshika mali kwa niaba yake. Kipengele hiki msikifupishe. Sani Abacha alitawala Nigeria kuanzia 1993 hadi alipofariki 1998, na sehemu ya fedha zilizoibwa katika utawala wake ilipitia akaunti za wanawe.

"Mteja hatari" ni mteja wa kukimbiwa. Lugha ya ukaguzi tayari ina neno "kihatarishi", yaani jambo linaloweza kuleta madhara. Sema "mteja mwenye kihatarishi kikubwa", na maneno hayo yabaki kwenye kumbukumbu za ndani. Fomu anayoisoma mteja si mahali pake. Tena si kila anayejibu ndiyo anaingia humo moja kwa moja. Kwa viwango vya FATF, mwenye wadhifa wa nchi ya nje hufanyiwa uhakiki wa kina kila mara, na akaunti yake huhitaji idhini ya uongozi wa juu. Mwenye wadhifa wa ndani ya nchi hupimwa kwanza kama ana kihatarishi kikubwa, ingawa sheria ya nchi inaweza kuwa kali zaidi.

Rasimu nyingi hukosea jambo jingine: huuliza "chanzo cha fedha" na kuishia hapo. Katibu mkuu mstaafu akiweka shilingi milioni 300 alizouzia nyumba, chanzo cha fedha ni mauzo hayo, na ushahidi wake ni mkataba wa mauziano. Chanzo cha mali ni swali la pili: nyumba hiyo aliipataje, kwa mshahara, mkopo, mirathi au biashara? Yawekeni maswali haya kwenye mistari miwili tofauti, kila mmoja na nafasi yake ya kuambatisha nyaraka. Yakikaa mstari mmoja, mteja hujibu lile jepesi.